Kuvuta tela nje ya lami: maswali kuhusu matairi

Kila mwaka kabla ya nyumbu kuanza kuzaa Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, magari ya kambi hutoka Arusha yakivuta matela yaliyosheheni mahema, vitanda, majiko na mapipa ya maji. Lami inaishia lango la Ngorongoro, na kuanzia hapo kazi inabaki kwa matairi. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo madereva na wenye magari hayo huuliza gereji kabla ya msimu. Anayevuta boti Mwanza au tangi la maji Marsabit naye atakuta yake, maana kinachobadilika zaidi ni udongo.

Nianze kuangalia nini: kashata, ukubwa au bei?

Anza na uzito. Dukani utaonyeshwa kashata, yaani meno ya mpira yanayokanyaga ardhi, kwanza kwa sababu ndizo zinazovutia macho, lakini tela halina injini. Matairi yake hayavuti chochote. Kazi yake ni kubeba mzigo bila kuchemka na kufuata njia iliyokwisha kufunguliwa na gari. Matairi ya gari ndiyo yenye kazi ya kung'ang'ania ardhi. Kwa hiyo jua kwanza tairi linabeba kilo ngapi, kwa upepo kiasi gani, na ubavu wake una nguvu gani. Kashata zije baada ya hapo.

Matairi ya tela huuawa na joto. Mzigo ukizidi, upepo ukipungua na mwendo ukiwa mkali, ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, mpira unachemka kwa ndani, tabaka zinaachana. Kashata nzuri hazizuii hilo.

Nitajuaje tairi langu linabeba kilo ngapi?

Soma ubavuni. Chukua tairi la kawaida la Prado au Hilux: 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, R ni radiali (nyuzi za ndani zimekata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo), 17 ni ringi kwa inchi. Wengi huishia hapo. Kwa mvuta tela, namba inayofuata ndiyo yenyewe: 112 ni alama ya uzito, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja.

Alama hizi zina jedwali lake, na chache zinatosha kukaa kichwani: 100 ni kilo 800, 104 ni 900, 108 ni 1,000, 112 ni 1,120, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400. Ukikuta namba mbili, mfano 121/118, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawili mawili kama nyuma ya Canter.

Herufi ya mwisho ni mwendo. L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160, R ni 170, S ni 180. Ukiona tairi la matope lina Q usihofu. Ukiwa na tela nyuma huna biashara na mwendo huo.

Kuna jambo ambalo muuzaji halisemi: kilo hizo tairi linazibeba likiwa na upepo wa kiwango chake kamili. Ukishusha upepo, kilo nazo zinashuka. Tairi la 121 linabeba kilo 1,450 upepo ukiwa juu kabisa. Ukilishusha hadi psi 20 (psi ni kipimo cha upepo, paundi kwa inchi ya mraba) kwa ajili ya mchanga haliwezi tena kubeba hizo, na ndiyo maana upepo ukiwa chini mwendo nao lazima uwe chini.

Na haya maneno ya "plai 6", "plai 10"?

Zamani zilikuwa tabaka za kuhesabu. Leo ni kipimo cha nguvu tu. Tairi la plai 10 linaweza kuwa na tabaka mbili au tatu za kisasa ubavuni. Matairi ya magari ya mizigo midogo huandikwa pia kwa herufi: C ni sawa na plai 6, D ni 8, E ni 10. Kwa gari linalovuta tela la tani moja kwenye mawe, ningechukua E nyuma bila kufikiri mara mbili. Gharama yake ni kwamba safari bila mzigo inakuwa ngumu kiunoni.

Tela likivutwa linaongeza uzito kiasi gani kwenye gari lenyewe?

Zaidi ya watu wanavyodhani. Tela lililopakiwa vizuri huegemeza karibu asilimia 10 ya uzito wake kwenye ndoana ya gari. Tuseme tela na mzigo wake ni kilo 1,200. Ndoana inabeba 120, ekseli ya tela inabaki na 1,080, yaani kilo 540 kwa kila tairi la tela.

Lakini zile 120 haziishii kuwa 120 kwa gari. Ndoana iko nyuma ya ekseli ya nyuma, tuseme mita 1.2, na umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 2.8. Uzito unabonyeza nyuma na kunyanyua mbele: ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 171 hivi, na ya mbele inapunguziwa 51. Sasa weka abiria wawili nyuma, friji, jerikani za dizeli na matairi mawili ya akiba mlangoni. Hapo matairi ya nyuma ya gari yamebeba kuliko matairi yoyote ya msafara mzima, na mara nyingi ndiyo yaliyoachwa na upepo ule ule wa kila siku wa mjini.

Ukiweza, pima kwenye mzani. Wenye vituo vya kununulia mazao na machimbo ya kokoto wana mizani ya lori, na wengi watakupimia kwa bei ndogo: gari peke yake, kisha tela peke yake, kisha yote pamoja, mbele na nyuma.

Mzigo mzito ukae juu ya ekseli ya tela au mbele yake kidogo. Ukiuweka nyuma, mkono wa tela unanyanyuka, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na hakuna tairi la kulituliza.

H/T, A/T au M/T?

H/T ni tairi la barabara. Linatulia, lina sauti ndogo, linashika lami ya mvua vizuri, ila ubavu wake ni mwepesi. Mwamba wenye makali, kama ule wa volkano kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, hulichana mapema.

A/T ni la mchanganyiko, na kwa safari nyingi za huku ndilo jibu. Fikiria safari ya Arusha–Ndutu: saa kadhaa za lami, kisha changarawe, vumbi, kidogo mawe, kisha nyasi na udongo laini. A/T haliongozi mtihani wowote kati ya hiyo ila hupita yote. Chagua lenye ubavu wa tabaka tatu kama njia yako ina mawe na miiba ya migunga.

M/T ni la matope, lenye kashata kubwa zilizoachana ili udongo utoke gurudumu linapozunguka. Kwenye lami ya mvua, breki zake huchukua umbali mrefu zaidi, na tela la tani likiwa nyuma linakusukuma, umbali huo unauona. Linanguruma, linakula mafuta zaidi, linaisha haraka. Ni la mtu ambaye kazi yake haswa ni udongo mweusi wakati wa masika: bonde la Mkata kule Mikumi, mbuga za Katavi, ukanda wa magharibi wa Serengeti. Kama unakwama mara moja kwa msimu, nunua A/T na koleo zuri, na chenji itarudi.

Tela nalo lifungwe kashata za matope?

Kwa kusonga mbele, hazisaidii. Zinasaidia sehemu mbili: kwenye mteremko wa pembeni, ambapo tela lenye matairi laini huteleza kwenda bondeni na kuvuta mkia wa gari, na kwenye breki kama tela lina breki zake. Kama unapita njia za pembeni mwa vilima wakati wa mvua, weka kashata za wastani. Vinginevyo tela linataka tairi lenye nguvu na mzunguko mtulivu.

Kinachofaa zaidi ni kwamba tairi la tela lifanane na la gari: ukubwa mmoja, ringi moja, tundu za nati sawa. Sababu ziko tatu na zote ni za porini.

Kwanza, spea. Ukiwa na spea mbili zinazoingia popote kati ya magurudumu sita, una akiba halisi. Ukiwa na spea mbili za gari na moja ya tela ambazo hazibadilishani, unaweza kukwama huku umebeba matairi matatu mazima.

Pili, njia. Magurudumu ya tela yakiwa na upana wa njia sawa na ya gari, yanapita pale pale yalipopita ya gari, kwenye mchanga uliokwisha kushindiliwa. Tela lenye ekseli fupi linajichimbia njia yake mpya katikati, na gari linalipia kwa kuvuta zaidi. Huu ni upungufu mkubwa wa matela mengi ya kuchomelewa mtaani: fundi alitumia ekseli aliyokuwa nayo.

Tatu, kimo. Tairi kubwa linaviringika juu ya shimo ambalo tairi dogo linaangukia ndani, na ekseli inapita juu ya jiwe.

Kabla ya kununua ringi za tela, pima tundu. Hilux ya magurudumu manne na Prado zina tundu 6 kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser 100 na 200, na zile za mfululizo wa 70 za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, zina 5 kwenye duara la 150. Defender ya zamani ina 5 kwenye 165.1. Mwambie fundi ekseli atengeneze habu, yaani kitovu kinachofungwa gurudumu, kwa kipimo cha gari lako. Ukisubiri mpaka tela limekwisha, itakugharimu habu mpya. Halafu jaribu kufunga gurudumu la gari kwenye tela na la tela kwenye gari, pale pale gereji, kwa sababu hata tundu zikikubali, kina cha ringi kinaweza kugusa springi au madigadi.

Tela langu lilikuja na matairi madogo ya inchi 13. Niyabadilishe?

Kwa lami na mzigo mdogo yatafanya kazi. Kwa njia ya changarawe kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, ile iliyojikunja mawimbi mfululizo, badilisha. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo mpira na beringi vinachemka zaidi, na kila wimbi linalipiga kwa nguvu zaidi.

Kama pesa haitoshi kwa magurudumu makubwa, hatua ya katikati ni tairi la mizigo la inchi 14, lile la 185R14C linalofungwa kwenye vipanya na pikapu. Lenye alama 102 linabeba kilo 850, na halikosekani katika mji wowote wenye daladala. Kupatikana huko ni sifa kubwa kuliko watu wanavyoihesabu.

Matairi mapana au membamba?

Inategemea chini pakoje. Nyanda za nyasi fupi za mashariki ya Serengeti, pamoja na Ndutu, zimefunikwa na jivu la volkano, na chini ya udongo ule mwingi wake kuna tabaka gumu la chokaa. Mvua ikinyesha juu panateleza lakini chini pagumu papo. Tairi jembamba linakata utelezi na kukanyaga chini. Ndiyo sababu 7.50R16 ya Land Cruiser Hardtop za zamani haijapoteza wapenzi, na 235/85R16 ni ndugu yake wa kisasa mwenye kimo karibu sawa.

Mchanga mkavu na udongo mweusi wenye kina ni habari nyingine: huko hakuna chini ya kukanyaga, unataka kuelea. Hata hivyo, upana wa dukani unasaidia kidogo kuliko kushusha upepo. Tairi likishushwa upepo, alama yake ardhini inarefuka kwenda mbele na nyuma, na urefu huo ndio unaokufanya uelee.

Kwa mvuta tela, 265 ni mahali pazuri pa kusimama. Zaidi ya hapo unasukuma ukuta wa mchanga mbele ya magurudumu sita.

Niweke upepo kiasi gani?

Kama utasoma jibu moja tu, soma hili.

Anza na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Vipimo vya hapa chini ni vya kuanzia tu, kwa gari la aina ya Prado au Hardtop lenye matairi ya mizigo, linalovuta tela la tani moja lenye matairi ya ukubwa ule ule. Vyote ni psi, vimepimwa asubuhi matairi yakiwa baridi.

Lami: mbele 35, nyuma 42 hadi 45, tela 35 hadi 40.
Changarawe yenye mawimbi: mbele 28 hadi 30, nyuma 34 hadi 36, tela 26 hadi 28, mwendo usizidi 60.
Mawe: punguza kidogo tena ili mpira ulikumbatie jiwe, ila usipite kiasi mpaka ubavu ukatoka nje kuchanwa. Mwendo wa mtu anayetembea.
Mchanga mzito: mbele 18, nyuma 20 hadi 22, tela 18 hadi 20, mwendo chini ya 30, na usikate kona kali.

Kosa linalorudiwa ni kushusha ya gari na kulisahau tela. Dereva anajiona amefanya kila kitu, kumbe nyuma yake magurudumu mawili magumu yanachimba kama jembe la kukokotwa na ng'ombe, na gari linazama likiyavuta. Ukishusha, shusha sita.

Kosa la pili ni kinyume chake: kulijaza tela hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni kwa kuwa "ni la mzigo". Tairi lenye uwezo wa kilo 1,450 likibeba 540 kwa psi 65 linakuwa jiwe. Kwenye mawimbi linaruka badala ya kuviringika, springi zinakatika, milonjo ya mahema inachomoza upande wa pili wa turubai.

Utajuaje umepatia? Madereva wa Australia, ambao huvuta matela jangwani mwaka mzima, wana kanuni rahisi. Pima asubuhi baridi, endesha kama saa moja, simama upime tena. Kwa magari ya aina hii upepo unapaswa kuwa umepanda karibu psi 4. Ukipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo, au mzigo na mwendo vimezidi. Ukipanda psi 1 au 2 tu, umejaza mno. Na ukikuta umepanda sana, usitoe upepo tairi likiwa moto. Utakuwa unaongeza ugonjwa. Punguza mwendo au mzigo, na asubuhi anza na upepo zaidi.

Nikitoka Dar kwenda Ngorongoro, mwinuko haubadilishi upepo?

Unabadilisha, ila mambo mawili yanakatana. Ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji inasoma psi tatu na nusu hivi zaidi kuliko Dar. Alfajiri ya huko, hata hivyo, inaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 20 kuliko mchana wa Dar, na baridi hiyo inarudisha chini zaidi ya psi 3. Pima pale ulipo, asubuhi, na usijisumbue na hesabu.

Nikishamaliza mchanga, nijaze lini?

Kabla ya mwendo kuzidi 40, hata kama lami haijafika. Tairi la psi 18 lenye mzigo, likiendeshwa kwa 80, halichukui muda mrefu kuchemka.

Kwa hiyo kompresa ni sehemu ya matairi. Zile ndogo za kuchomeka kwenye kiberiti cha sigara zimetengenezwa kwa tairi moja la gari dogo. Wewe una sita, kila moja linataka kutoka 20 hadi 40. Nunua inayobana vichwa vya betri kwa klipu, na iache ipumzike baada ya kila matairi mawili. Nunua na geji ya mkononi pia. Geji za vituo vya mafuta hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe.

Tyubu au bila tyubu?

Bila tyubu, kwa mtu anayeshusha na kupandisha upepo. Tairi lenye tyubu likishushwa sana linateleza kwenye ringi, tyubu inavutwa nalo, na vali inang'oka. Pia mwiba ukiingia kwenye tairi lisilo na tyubu, upepo unatoka taratibu na kijiti cha mpira cha kuziba pancha kinamaliza kazi bila hata kufungua gurudumu.

Tyubu ina sifa moja ambayo haijafa: kila kijiji chenye baiskeli kina mtu anayeweza kuiziba. Beba moja ya ukubwa wako hata kama hutumii. Ringi ikipinda ukingo kwa jiwe na tairi likakataa kushika upepo, tyubu itakufikisha.

Ringi za vipande, zile zenye pete ya chuma inayofunga tairi, zinataka heshima. Pete isipokaa vizuri wakati wa kujaza inaweza kuruka na kuua. Zungushia mnyororo gurudumu kabla ya kujaza, simama pembeni, na usimruhusu mtu kuinama juu yake.

Matairi ya mtumba yanafaa kwa tela?

Hapa ndipo watu hubana matumizi: mapya kwa gari, ya mtumba kwa tela, "kwani linavutwa tu". Tatizo ni kwamba tairi la tela haliishi kashata. Linazeeka. Tela linakaa miezi juani nyuma ya gereji, mzigo umekaa upande mmoja wa tairi, mpira unakauka na kupasuka nyufa ndogo. Kashata zinabaki nzuri mpaka siku linapofumuka.

Tafuta herufi DOT ubavuni, na mwishoni mwake tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama upande mmoja hauna tarakimu hizo, ziko upande wa pili. Lala chini uzisome kabla ya kutoa pesa. Mimi sifungi kwenye tela la safari ndefu tairi lililopita miaka sita au saba, liwe limetumika au la, na lililofika kumi halifai hata kuwa spea.

Mwenye matairi yanayofanana kwenye gari na tela ana njia nzuri zaidi: ya tela yaingie kwenye mzunguko wa kubadilishana na ya gari kila unapozungusha, yaishe yakiwa kazini kabla hayajazeeka bure.

Na tairi lililofika alama za kuisha, zile tuta ndogo za milimita 1.6 kati ya kashata, lisihamishiwe kwenye tela kumalizia maisha. Tairi la kipara lina mpira mwembamba juu ya waya, na miiba ya migunga haina huruma.

Nimepewa matairi yaliyoandikwa ST kutoka Marekani. Ni mazuri?

ST ni matairi yaliyoundwa kwa matela peke yake. Ubavu wake ni mgumu, kwa hiyo tela haliyumbi kwenye lami. Mengi yake yalitengenezwa kwa mwendo wa maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105, ambao unatutosha. Lakini hayaruhusiwi kufungwa kwenye gari, hivyo spea zako zinagawanyika, na porini ugumu ule ni kero. Kwa boti inayotoka Mwanza kwenda Musoma kwa lami, sawa. Kwa Ndutu, hapana.

Naweza kuchanganya aina?

Kati ya gari na tela, ndiyo, ilimradi uzito unatosha. Kwenye ekseli moja, hapana: tairi la radiali upande huu na la plai za kukingama (nyuzi zake zimepishana kimshazari) upande ule ni kutafuta tela linalovuta kando. Hata radiali mbili za kimo tofauti hufanya hivyo.

Nibebe spea ngapi?

Mbili kama zinaingia kote. Ongeza vijiti vya kuziba, vali za akiba na koki zake, na kipande cha ubavu wa tairi kuukuu cha kuweka ndani pale tairi linapochanika. Hilo ni la kukutoa porini kwa mwendo wa pole, si la kurudi nalo Arusha.

Kagua pia jeki. Ya gari mara nyingi haifiki chini ya ekseli ya tela, au tairi likiisha upepo haiingii kabisa. Jaribu nyumbani, tela likiwa na mzigo. Beba ubao mnene wa kuweka chini yake, na hakikisha wili spana moja inafungua nati za gari na za tela.

Tairi la tela likiisha upepo nitahisi?

Pengine hapana, na hilo ndilo baya lake. Tairi la mbele la gari likipungua, usukani unakuambia. La tela linaweza kukatika vipande huku Land Cruiser ikiendelea kuvuta bila kulalamika, mpaka uone moshi kwenye kioo au wa nyuma yako awashe taa. Tela lenye ekseli mbili ni gumu zaidi kugundua, kwa kuwa tairi zima linabeba la mwenzake.

Vifaa vya kupima upepo vinavyofungwa kwenye vali na kutuma namba kwenye skrini ndogo mbele ya dereva sasa vinapatikana mijini. Nunua vya magurudumu sita, na uulize kama mawimbi yake yanafika hadi mwisho wa tela. Visipofika kuna kifaa cha kuyaongeza nguvu.

Usipokuwa navyo, tumia kiganja. Kila unaposimama, zunguka tela na ugusie kila tairi, kisha karibia habu yake taratibu. Inaweza kuwa moto wa kuunguza. Tairi moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa ekseli hiyo, limepungua upepo. Tairi likiwa la kawaida lakini habu inaunguza, mwenye shida ni beringi au breki iliyonasa, na kubadilisha tairi hakutasaidia.

Niongeze ukubwa wa matairi ya gari ili tela lipite vizuri?

Kwa hatua ndogo, sawa. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/65R17 kimo kinatofautiana kwa milimita moja tu, hapo umebadilisha ringi, si tairi. Kutoka 265/70R16 kwenda 235/85R16 unaongeza karibu milimita 28 za kipenyo, gari linainuka 14, na bado injini haijaumia.

Ukivuka hapo, gia zote zinakuwa ndefu. Gari lililokuwa likipanda ukingo wa kreta na tela kwa gia ya pili litaomba ya kwanza, klachi italipia, breki zitapungua nguvu, na saa ya mwendo itasoma pungufu ya mwendo wako halisi. Ndoana nayo inapanda: tela linalovutwa huku limeinua pua huegemea nyuma, na kama lina ekseli mbili, ya nyuma inabeba kuliko ya mbele. Kabla ya kufunga matairi makubwa, simamisha gari na tela lenye mzigo mahali tambarare uone kama sakafu ya tela iko sawa na ardhi; isipokuwa sawa, shusha ndoana kwanza.